Mavi ya Mbuzi, Kilomita Mia Tatu

Kazi iliingia saa nne usiku, saa ambazo Lodwar ndiyo kwanza inaanza kupumua. Maneno 1,500. Mada: faida za kilimo hai kwa maendeleo endelevu katika maeneo ya milimani. Mteja yuko Ulaya, hatujawahi kuonana wala kuongea. Yeye hutuma kichwa na idadi ya maneno, mimi natuma makala, yeye anatuma pesa, na jina langu halionekani popote. Niliusoma ujumbe nikiwa nimelala kwenye mkeka nje ya nyumba ya shangazi, mtaa wa Kanamkemer, kwa sababu ndani mabati yalikuwa bado yanatoa joto la saa nane mchana.

Nikacheka peke yangu. Mtu anataka nimwandikie habari za milima nikiwa mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Mahali ambapo kabeji inakuja kwa lori kutoka Kitale, kilomita kama mia tatu, na barabara ikikatwa na mto huko Kainuk, basi wiki hiyo hakuna kabeji.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi ni wa huko kabeji zinakotoka.

Kazi kama hii naijua. Unaandika faida tano: udongo, maji, viumbe, afya, mapato. Kila faida aya mbili. Unamalizia kwa kusema wakulima wanapaswa kuhamasishwa. Ningeimaliza kabla ya bando kuisha. Lakini kila nilipoanza na neno udongo, nilikuwa namwona Mzee wangu amesimama katikati ya shamba na mfuko mtupu wa mbolea mkononi, anaukung'uta.

Kwetu ni upande wa Suam, chini ya Mlima Elgon, kule Trans Nzoia inapokaribia Uganda. Ekari nne, na shamba limeinama. Ukiangusha mtungi juu, unaufuata chini. Mzee amelima mahindi hapo tangu kabla sijazaliwa, na ametumia DAP kila mwaka, mfuko mmoja kwa ekari, na mwingine wa kukuzia mahindi yakifika magotini. Mwanzoni alikuwa anavuna magunia ishirini kwa ekari. Watu walikuwa wanamwita mkulima, na huko kwetu si kila mwenye jembe anaitwa hivyo.

Nilipokuwa sekondari alikuja afisa wa kilimo wa kaunti akachukua udongo kwenye karatasi za kaki. Majibu yalisema udongo una asidi nyingi, aweke chokaa. Mzee aliona anachezewa. Chokaa ni ya kupaka ukuta. Mimi mwenyewe nilielewa baadaye kabisa, nikisoma kwa ajili ya makala za watu wengine: ile amonia iliyo kwenye DAP ikigeuka ndani ya udongo huacha asidi nyuma yake, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Asidi ikizidi, udongo mwekundu kama wetu unaishika ile fosforasi na kuifungia, mmea hauifikii. Yaani unalipia chakula, kinaingia stoo, na ufunguo unapotea. Mwaka unaofuata unanunua tena. Wazee kwetu wanasema shamba limezoea mbolea, wanavyosema mtu amezoea pombe.

Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Mnakumbuka mwaka huo. Vita vya Ukraine, uchaguzi, unga juu. Serikali mpya ilikuja kushusha bei hadi 3,500 mwezi wa Septemba, na mwaka uliofuata hadi 2,500, lakini Septemba mahindi ya kwetu tayari yana mabunda. Mzee alikopa mifuko minane kwenye duka la pembejeo, alipe kwa mahindi. Mvua ikachelewa. Ekari nne zikatoa magunia thelathini na moja. Mwenye duka akaja na lori, akapima, akaondoka na sehemu kubwa, na deni likabaki na mkia.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mzee alinipigia, na Mzee huwa hapigi, Mama ndiye hupiga. Akasema, "Mama," maana nimepewa jina la mama yake, "Mama, ngoja muhula mmoja." Nikangoja mmoja. Nikangoja wa pili. Siku hizi watu wakiniuliza nasema niliacha chuo, inasikika kama niliamua.

Sasa, niwe mkweli. Si mbolea peke yake iliyonitoa chuoni. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na bei, na kulikuwa na mimi ambaye sikuwa napenda ile kozi. Lakini kila ninapoona mtu ameandika kwamba kilimo hai "huongeza kipato cha kaya" najua kuna sentensi ndefu zaidi nyuma ya hiyo.

Nyuma ya jikoni, Mama ana kipande chake. Hakifiki robo ekari. Hapo hajawahi kuweka punje ya DAP, maana Mzee hakuwahi kumgawia. Miaka ya tisini kikundi chao cha akina mama kilifundishwa na jirani aliyepitia Manor House, kile kituo cha kilimo karibu na Kitale kilichoanza mwaka 1984. Alirudi na mambo ambayo wanaume waliyaona ya kujichosha: kuchimba tuta mara mbili, jembe juu ya jembe, kurundika mboji, kupanda mboga karibu karibu mpaka majani yagusane na udongo usione jua. Mama anatia mavi ya ng'ombe wawili tulio nao, majivu ya jikoni, maganda, kila kitu. Pale ukichimba unakuta nyungunyungu. Kwenye ekari nne za Mzee unaweza kuchimba asubuhi nzima.

Mwaka wa 2022, mwaka wa magunia thelathini na moja, tulikula kutoka nyuma ya jikoni. Hakuna aliyelisema mezani.

*

Asubuhi baada ya ile kazi kuingia nilishuka mpaka daraja la Turkwel. Shangazi alinitabiria nitapigwa na jua, na nilipigwa. Mto ulikuwa na maji, ya rangi ya chai ya maziwa. Nikawa na wazo zuri sana la makala. Turkwel si huo huo Suam wa kwetu? Unaanzia ndani ya kreta ya Elgon, mlima wa mita 4,321, unateremka ukigawanya Kenya na Uganda, unapita karibu na kwetu, na baadaye ndiyo unaitwa Turkwel. Kwa hiyo ile rangi ya chai ni shamba la Mzee. Kila mvua kubwa, trekta ikiwa imelima kutoka juu kwenda chini (wenye matrekta hawapendi kulima kukata mteremko, wanasema mashine inalala), udongo wetu unaondoka. Nikajiona nimesimama Lodwar naangalia karo yangu ikipita chini ya daraja.

Nilimwambia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akinywesha mbuzi. Aliwahi kufanya vibarua kule bwawani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema, "Binti, udongo wa kwenu haufiki hapa. Uko bwawani."

Nilikuwa nimesahau bwawa. Ukuta wa Turkwel Gorge una urefu wa kama mita 150, ulijengwa miaka ya themanini, na unazalisha megawati 106. Maji ya Elgon yanasimama pale, na udongo unaoshuka nayo unatulia chini. Tope ninaloliona Lodwar limetoka kwenye vijito na malaga ya chini ya bwawa. Udongo wa Mzee unajaza bwawa polepole, na bwawa likijaa udongo, haliwezi kujaa maji.

Akaniambia na jambo lingine. Zamani, mto ukifurika na kurudi nyuma, wanawake wa Kiturkana walikuwa wanapanda mtama kwenye lile tope jipya. Ngimomwa, wanaita. Hakuna jembe kubwa, hakuna mbolea, mto wenyewe ndio ulikuwa unaleta rutuba kutoka huko juu. Mashamba yalikuwa ya akina mama, binti anarithi kwa mama yake. Bwawa lilipokuja mafuriko yakabadilika, yanakuja wakati usio wake au hayaji. "Mlima ulikuwa unatuletea," akasema. "Sasa unaletea stima."

Hapo wazo langu zuri lilikufa, ila nililipenda hili zaidi. Kwa sababu faida ya kilimo cha mlimani mara nyingi huandikwa kama mali ya mtu wa mlimani. Avune, auze, apate cheti. Wakati mtu anayelipia mteremko uliolimwa vibaya anaweza kuwa hajawahi kuuona huo mlima. Na mwingine anakaa hapo hapo chini yake. Novemba 2019, usiku mmoja wa mvua huko Pokot Magharibi, miteremko iliporomoka na kuua zaidi ya watu 40. Basi la kutoka Kitale kuja Lodwar linapita chini ya milima hiyo. Makovu mekundu yalionekana kwa muda mrefu, na kila mara basi likifika pale kuna abiria ataacha kuongea.

*

Kakuma nilienda kwa kibarua kingine. Shirika fulani lilihitaji mtu wa kuandika majibu ya watu kwa Kiswahili, siku mbili, malipo baada ya wiki tatu (yalikuja baada ya saba). Kutoka Lodwar ni kilomita kama 120, Probox, watu tisa.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei ikaongezwa 2016. Watu zaidi ya laki mbili wako pale, kwenye ardhi ambayo Waturukana wenyewe wanaishi kwa kuhama na mifugo. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zilikatika na mgao wa chakula ukashuka chini ya nusu ya ule kamili. Kulikuwa na maandamano. Nilipofika, kila swali nililouliza kuhusu jambo lingine lilijibiwa kwa chakula.

Sasa katika nyumba za watu wa Kongo nikaingia kwa mama mmoja. Anatoka milima ya Itombwe, juu ya Uvira. Alipoketi kujibu maswali alikuwa bado ana kinyesi cha mbuzi vidoleni, akaomba radhi, akanawia juu ya mboga. Maji hayakugusa ardhi tupu hata tone.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kitu nilichokijua na nisichokijua. Vitanda vya mboga, kama vya Mama, lakini vimepinduliwa. Kwetu tunainua tuta ili maji ya mvua yasituue mizizi. Yeye amechimba chini, kitanda kimezama karibu kiganja na nusu chini ya usawa wa ardhi, kingo zimeinuka, ili kila kikombe cha maji kibaki humo na upepo upite juu. Juu ya udongo ametandika majani makavu na vipande vya gunia. Pembeni, magunia mawili yamesimama yakiwa na nguzo ya mawe katikati, mboga zinatoka ubavuni kupitia matundu. Maji yote ni ya kufulia na kunawia, mitungi miwili kwa siku. Mboga ni zile ambazo yeye anaita lengalenga, sisi kwetu tunaita dodo, na watu wa Nairobi wanaita terere. Tulibishana kidogo juu ya hilo.

Nikamuuliza udongo kama huu umekubali vipi. Maana ule wa nje ya ua ni mchanga na chumvi, unaupiga jembe linarudi.

"Hii udongo haiko mubaya," akasema. "Iko na njaa. Kama unapanda kitu na udongo iko na njaa, yeye njo atakula kwanza."

Nikamwambia natoka mlimani pia. Akanitazama. "Mutoto wa mulima, na unaniuliza mambo ya mbolea?"

Nikasema Baba anatumia ya duka.

"Aah," akasema, na hakuongeza neno. Nilikasirika kwa niaba ya Mzee, ila sikuwa na jibu.

Baadaye akanionyesha shimo la mboji. Majani, mavi ya mbuzi, majivu kidogo, maji machafu, tena majani, juu gunia kuukuu. Akaniambia nitie mkono. Nilitia nikautoa mbio, palikuwa pa moto. Anataka moto huo kwa sababu moja ambayo sijaisoma kwenye makala yoyote ya mteja yeyote. Mbuzi wa hapa wanakula maganda ya mathenge. Mbegu zinapita tumboni, zinatoka nzima, tena ziko tayari kuota. Mwaka wa kwanza alimwaga mavi mabichi kwenye kitanda. "Nilipanda lengalenga, nikavuna mathenge." Tulicheka mpaka mwanawe akatoka kuangalia.

Mathenge, kwa wasioujua, ni ule mti wa miiba ulioletwa Kenya ili kuzuia jangwa, ukapandwa sana kwenye maeneo kame mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa ushauri wa wataalamu na pesa za wafadhili. Ukashika nchi. Baringo watu walifikia kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa sababu ya yale maganda matamu. Mimi sina ugomvi na wataalamu, nawaandikia kila wiki. Lakini kila ninapoona neno "endelevu" huwa namkumbuka yule mbuzi.

Mavi yanatoka kwa mama wa Kiturkana ambaye boma lake liko ng'ambo ya laga. Huleta gunia kichwani, shilingi hamsini, au wanabadilishana na mboga. Zamani alikuwa analeta kuni tu. Bomani kwake kinyesi kimelala tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka, hakuna aliyekuwa anakitaka.

Sitaki kuipamba hiyo bustani. Lengalenga haishibishi. Nilimuuliza moja kwa moja kama inasaidia sasa mgao umekatwa, akasema inasaidia ugali ushuke. Ugali wenyewe ukiwepo. Anauza mafungu machache ya shilingi kumi, ananunua chumvi na sabuni, na sabuni inarudi kwenye mboga kama maji. Hayo ndiyo mapato ya kaya.

*

Kwenye Probox ya kurudi Lodwar nilikuwa na akili nyingi. Malori yanaleta kabeji kutoka Kitale, na mengine yanarudi karibu matupu. Gunia la mavi ya mbuzi ni shilingi hamsini. Nikamuuliza dereva mmoja pale sokoni, akaniambia kwa mzigo wa kurudi anaweza kunibebea gunia kwa mia tatu. Mia tatu na hamsini! Mfuko wa serikali ni 2,500, na watu wameshaugopa tangu 2024, ilipofichuliwa kwamba mbolea feki iliuzwa kwa wakulima kupitia mpango wenyewe wa ruzuku, hadi waziri wa kilimo akapelekewa hoja bungeni ya kumng'oa, akaponea kwenye kamati. Nikaona nimegundua dhahabu. Nikampigia Mzee.

Akauliza magunia mangapi kwa ekari. Nikasema tuseme mia. Kimya. Halafu akapiga hesabu kwa sauti, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mia mara tatu na nusu ni elfu thelathini na tano. Kwa ekari. "DAP ni mfuko mmoja, Mama. Naubeba kwa pikipiki." Akauliza nani atapakua, nani atasambaza mteremkoni, vijana wa kibarua siku hizi ni mia tano. Halafu akamaliza: "Na hiyo mathenge usituletee."

Mama alikuwa anasikiliza kwenye spika, akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: mkiyachukua hayo mavi, yule mama wa Kongo atatumia nini?

Nilikata simu nikiwa mdogo sana. Mlima ulishachukua maji ya watu hawa ukayageuza stima, sasa nilikuwa napanga lori la kuchukua na kinyesi.

Hesabu ya Mzee ndiyo kiini cha hii mada, na ndiyo ile makala za maneno 1,500 zinairuka. Mbolea ya dukani ni nyepesi. Ya asili ni nzito, na mlimani uzito unapanda kwa mgongo wa mtu, mara nyingi mwanamke. Sri Lanka walijaribu kuiruka hiyo hesabu. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla, nchi nzima. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, chai ya milimani ikaumia, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaondolewa. Sikkim, jimbo la milima huko India, lilitangazwa kuwa la kilimo hai kabisa mwaka 2016, ila walikuwa wameanza 2003. Na huko Uchagani, Kilimanjaro, watu wamelima vihamba vizazi na vizazi: migomba juu, kahawa chini yake, miti ya kivuli, mifereji, na ng'ombe amefungwa zizini ili kinyesi chake kisipotee njiani. Sijafika. Ila nikiangalia picha zake naona nyuma ya jikoni kwa Mama, imekuzwa mara kumi. Siri yao haiko kwenye kuacha kitu. Ng'ombe yuko karibu na mgomba, basi. Hakuna lori.

Sisi ng'ombe wawili hawalishi ekari nne. Hilo Mama alilijua zamani, ndiyo maana hakuwahi kumbishia Mzee. Alichomwambia mwaka huu, mwezi wa Februari, ni ampe nusu ekari ya pale chini, ile iliyochoka zaidi, ambayo Mzee alikuwa tayari anataka kuikodisha.

Nilienda nyumbani wiki mbili kusaidia. Tulipima mstari wa kukata mteremko kwa vijiti vitatu na jiwe limening'inia kwenye kamba, tukachimba mitaro na kutupa udongo upande wa juu, ile inayoitwa fanya juu hata kwenye vitabu vya Kiingereza. Kingo tukapanda nepia ya ng'ombe. Mboji ilikuwa haitoshi, kwa hiyo tulikata tithonia, yale maua ya njano machungu yaliyojaa kando ya barabara, ambayo watafiti wamethibitisha magharibi mwa Kenya kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na fosforasi ya maana. Bure, ila uyakate, uyabebe, uyazike. Viganja vyangu ni vya kuandika. Siku ya tatu sikuweza kushika kikombe. Chokaa pia tulitia. Mzee ndiye aliyeinunua, kimya kimya, akaiacha mlangoni mwa stoo bila kusema ni ya nani.

Tukapanda mahindi na maharagwe pamoja. Ekari tatu na nusu zilizobaki, Mzee akaweka DAP kama kawaida.

Makala ya mteja niliimaliza, faida tano, aya mbili mbili. Nilijaribu kuingiza ile hesabu ya magunia mia. Ikarudi na maelezo kwamba sehemu hiyo inakatisha tamaa, niiondoe, niongeze kitu kuhusu vipepeo. Nikaondoa, nikaongeza. Pesa iliingia, nusu nikamtumia Mama alipe kijana wa palizi, maana palizi ya pale ni mara tatu.

Juzi ametuma picha kwenye kundi la familia. Mahindi ya nusu ekari yamefika kifuani kwake. Ya Mzee, ng'ambo ya nepia, yanayapita kwa kiganja kizima, na ni ya kijani zaidi, sitadanganya. Picha ya pili ilipigwa baada ya mvua kubwa ya Jumapili: upande wa Mzee kuna mifereji mitatu mipya, mwekundu mmoja umefika hadi kwenye mahindi ya chini na kuyalaza. Upande wa Mama mitaro imejaa maji yametulia.

Shangazi akaweka makofi. Mimi sikuandika kitu. Mzee, ambaye huwa anasoma tu, akaandika: "Oktoba tutapima kwa debe." Kisha baada ya dakika kama kumi akaongeza, "Hiyo nepia ikatwe, inafunika mahindi yangu."